WANGA WA MUHOGO NA MFINYANZI WA MBUGA
Somo la Sayansi kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mwalimu mwanachuo anayepangiwa shule ya Igoma kwa mazoezi ya kufundisha hubeba kitabu cha kiada, chaki na andalio la somo. Akifika huko, jambo la kwanza analolalamikia ni kwamba shule haina maabara. Malalamiko hayo tunayaelewa, lakini hatuyakubali yote. Muhogo uko sokoni hapo hapo Igoma; na ukiifuata barabara ya Musoma, ukapita Kisesa kuelekea Magu, utakutana na mabonde ya udongo mweusi yanayolimwa mpunga. Vitu hivyo viwili, wanga na mfinyanzi, vyatosha kufundishia fani ambayo wataalamu wa vyuo vikuu wanaishughulikia hadi leo, yaani utengenezaji wa vitu viitwavyo nanokompoziti.

Katika makala hii tunakusudia kueleza fani hiyo ni nini, na jinsi mwalimu awezavyo kuifikisha kwa watoto wa darasa la tano na la sita bila ya kuwadanganya. Tunasema hivyo kwa makusudi. Somo lenye jina kubwa humvuta mwalimu kijana aseme zaidi ya kile ambacho darasa limekiona, na mtoto aliyezoeshwa kukubali asichokiona hataweza kujifunza sayansi hata akipewa maabara.

Tuanze na haja yenyewe. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Plastiki haiozi upesi. Huvunjikavunjika ikawa vipande vidogo ambavyo mvua huvisomba mpaka ziwani. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, samaki 20 wa kila aina. Ilithibitika kwamba mmoja kati ya kila watano alikuwa na vipande vya plastiki tumboni. Idadi ya samaki hao ni ndogo, na mwalimu asiikuze. Lakini ni samaki wa Ziwa Viktoria, na watoto wa Igoma ndio walaji wake. Hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wataalamu watafute vitu vinavyoweza kufanya baadhi ya kazi za plastiki, kisha vikaoza.

Wanga ni kimojawapo cha vitu vinavyotazamiwa. Wanga ni polima, yaani kitu kilichojengwa kwa vipande vidogo vya namna moja vilivyoungana kama mnyororo. Kwa wanga kila kipande ni glukosi, na mnyororo mmoja huweza kuwa na maelfu ya vipande. Selulosi ya pamba ni polima ya glukosi vilevile, ila imeungwa kwa namna nyingine, na ndiyo sababu uzi wa pamba hauyeyuki tunapofua nguo. Protini za maziwa na za ngozi ya samaki nazo ni polima. Watoto waonyeshe mnyororo huo kwa kushikana mikono uwanjani. Hawana haja ya mchoro.

Kila mtoto ameshaona polima ya wanga ikifanya kazi, ingawa hakuambiwa jina lake. Kanga mpya ni ngumu kwa sababu imetiwa wanga kiwandani. Ikifuliwa mara mbili tatu hulainika, maana wanga umetoka na maji. Humo mna sifa na kasoro za wanga kwa pamoja. Ukipikwa na kukaushwa huwa utando mgumu kiasi, lakini ukikauka mno huvunjika, na ukilowana hulegea. Kwa hiyo wanga peke yake haufai sana. Unahitaji mwenzi, na mwenzi huyo ni mfinyanzi.

Mfinyanzi wa Mwanza

Hapa tunamwomba mwalimu mwanachuo atembee, asisome tu. Milima ya Mwanza ni ya mawe ya matale. Mawe hayo yakioza kwa jua na mvua hutoa mchanga na mfinyanzi. Juu kwenye miteremko mvua huosha chumvi na silika na kuziteremsha chini, na kinachobaki ni udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Bondeni, ambako chumvi na silika hizo hukusanyika, hutokea udongo mzito mweusi wa mbuga. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na kituo chake Amani katika milima ya Usambara, aliupa mfuatano huu wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni jina la katena mwaka 1935, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Istilahi hiyo sasa hutumika duniani kote, na ilizaliwa katika Afrika ya Mashariki. Si vibaya watoto wakalijua jambo hilo.

Madini ya mfinyanzi wa mlimani na wa bondeni hayafanani. Juu hupatikana zaidi kaolinaiti, ambayo ndiyo madini ya udongo mweupe wa Pugu, karibu na Dar es Salaam. Chini kwenye mbuga hupatikana madini ya jamii ya montimorilonaiti, yaliyopewa jina la mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Yote mawili yamejengwa kwa matabaka membamba yaliyopangwa kama kurasa za daftari. Tofauti ni hii: kurasa za kaolinaiti zimeshikamana barabara, na maji hayapenyi kati yake. Kurasa za montimorilonaiti zimeshikana kwa ulegevu; katikati yake mna chembe za kalisi, magnesi au sodi, na maji huingia humo yakaziachanisha. Ndiyo maana udongo wa mbuga huvimba na kunata wakati wa masika, na wakati wa kiangazi hunywea ukafanya nyufa ambazo mguu wa ng'ombe huweza kuingia. Mtoto wa mkulima ameziona nyufa hizo tangu utotoni. Mwalimu asimwambie, amwulize zinatoka wapi.

Tabaka moja la montimorilonaiti lina unene wa karibu nanometa 1. Milimeta moja ni sawa na nanometa 1,000,000. Namba hiyo ikiandikwa ubaoni haimwambii mtoto lolote. Tunapendelea kuanza na mche wa sabuni. Kata kipande cha mraba chenye sentimeta 4 kila upande. Watoto wapime eneo la nyuso zake zote: watapata sentimeta za mraba 96. Kisha kikatwe kiwe vipande vinne vyenye unene wa sentimeta 1 kila kimoja. Eneo linakuwa 192. Kila kipande kikikatwa tena mara mbili, linakuwa 320. Sabuni ni ile ile, uzito ni ule ule, lakini nyuso zimezidi mara tatu. Sasa waambie kwamba gramu moja ya mfinyanzi wa mbuga, kama tungeweza kuachanisha kurasa zake zote, ingekuwa na nyuso zenye jumla ya meta za mraba 700 hadi 800. Hilo ni eneo la viwanja vinne vya mpira wa wavu na zaidi, kutoka katika udongo usiojaa kijiko cha chai. Wapeleke uwanjani wakapime kiwanja kimoja kwa hatua.

Hesabu hii ndiyo kiini cha somo, na mwalimu asiikimbilie mbio. Mnyororo wa wanga hushikamana na mfinyanzi kwenye uso wa mfinyanzi. Uso ukiwa mkubwa, mshiko ni mkubwa, na mfinyanzi kidogo hufanya kazi kubwa.

Kuchanganya vitu viwili vipate nguvu si jambo geni kwetu. Anayekandika nyumba huchanganya udongo na majani makavu, na anayesiriba ukuta hutia kinyesi cha ng'ombe, ambacho kimejaa nyuzi laini za selulosi. Ukuta wa namna hiyo ni kompoziti: kila kimoja kinaziba upungufu wa mwenzake. Hata hivyo mwalimu asiseme kwamba bibi zetu walitengeneza nanokompoziti. Tumesikia maneno hayo yakisemwa kwa nia njema ya kutukuza utamaduni, lakini si kweli. Katika ukuta wa udongo nyuzi na mafungu ya mfinyanzi huonekana kwa macho. Katika nanokompoziti kurasa za mfinyanzi zimeachana, au minyororo ya polima imeingia kati yake, na mchanganyo umefikia kipimo cha nanometa. Waliolionyesha jambo hilo waziwazi walikuwa watafiti wa maabara ya kampuni ya Toyota nchini Japani, katika miaka ya 1980. Walichanganya nailoni na montimorilonaiti kidogo, wakapata nailoni iliyokuwa ngumu zaidi na iliyostahimili joto zaidi, na baadaye ikatumika katika kifuniko cha mkanda wa injini ya gari. Baada yao wengine walijaribu njia hiyo kwa polima za asili, na wanga wa muhogo ukawa mmojawapo.

Kuna faida nyingine. Mvuke au hewa inayotaka kupita katika utando wenye kurasa za mfinyanzi zilizolala haipati njia iliyonyoka. Yabidi izunguke ukurasa huu, kisha ule. Wapange watoto uwanjani kwa safu zilizopishana, kisha mmoja apite katikati yao mpaka ng'ambo ya pili, na wenziwe wamhesabie hatua.

Kazi ya mikono

Kazi hii huchukua karibu wiki mbili kwa vipindi vilivyoachana, kwa hiyo iandikwe katika azimio la kazi mapema.

Udongo uchimbwe bondeni, chini ya kina cha jembe, mbali na vyoo, mbali na josho la ng'ombe na mashamba yanayopuliziwa dawa. Uanikwe, upondwe, kisha ulowekwe katika ndoo ya maji ya mvua. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi zinazofanya mfinyanzi ugandamane na kutuama. Jioni koroga vizuri, uache ndoo bila ya kuitikisa kwa muda wa saa nane. Katika muda huo chembe zote zilizo kubwa kuliko elfu mbili za milimeta zitakuwa zimeshuka kupita sentimeta 10 za juu. Asubuhi chota maji hayo ya juu tu, kwa bomba jembamba la mpira. Yakiwa bado na rangi ya tope, mmepata mfinyanzi ulio laini kuliko unga wowote mnaoujua. Yakiwa meupe kabisa, mfinyanzi umegandamana. Koroga tena pamoja na chembe ndogo ya magadi. Sodi ya magadi huingia mahali pa kalisi na kuzilegeza kurasa. Ukizidisha magadi mambo hugeuka, na mfinyanzi hushuka tena. Kausha maji hayo ya tope kivulini, usage kinachobaki.

Wanga ni rahisi zaidi. Muhogo mbichi umenywe, uparuzwe, ukamuliwe katika kitambaa safi, na maji yaachwe yatuame. Wanga mweupe utakaa chini. Uuoshe mara mbili, uanike. Udaga haufai hapa, maana umechachuka na una makapi. Watoto wakatazwe kuonja, kwa kuwa muhogo mchungu una sumu.

Kwa fungu moja la utando chukua wanga gramu 10, maji mililita 150, na gliserini ya duka la dawa gramu 3. Bila gliserini utando hukauka ukapasuka vipande vipande. Fungu la kwanza lisitiwe mfinyanzi kabisa. La pili litiwe nusu gramu ya mfinyanzi wa mbuga. La tatu litiwe nusu gramu ya udongo mweupe au mwekundu wa mlimani, uliochujwa kwa njia ile ile. La nne litiwe gramu 3 za mfinyanzi wa mbuga, ili waone madhara ya kuzidisha. Nusu gramu haipimiki kwa mizani ya dukani. Lakini Mwanza ni mji wa dhahabu, na sonara akiombwa kwa adabu hupima. Akikosekana, loweka gramu 5 katika lita moja ya maji, na mililita 100 za maji hayo zitakuwa zimebeba nusu gramu. Ongeza maji mililita 50 tu.

Mfinyanzi ulowekwe usiku kucha kabla ya kutiwa wanga, maana kurasa huachana majini wala si katika uji. Kisha tia wanga na gliserini, teleka juu ya moto mdogo, na koroga bila kuacha. Kwenye joto la digrii 60 hadi 70 hivi uji utaanza kuwa mzito na kung'aa. Endelea kukoroga kwa dakika kumi. Hatua hii aifanye mwalimu mwenyewe, nje ya darasa. Uji wa wanga ukimrukia mtoto hunata kwenye ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji ya moto. Umimine kwa kipimo kimoja katika sahani mbili bapa za plastiki juu ya meza iliyo sawa, uuache kivulini siku mbili au tatu. Juani utapasuka.

Kupima kufanywe siku moja na saa moja kwa mafungu yote, kwa sababu utando wa wanga hunywa unyevu wa hewa. Uliopimwa asubuhi ya mvua haulinganiki na uliopimwa mchana wa jua. Kata vipande vya upana wa sentimeta 1, vitano kwa kila fungu. Kila ncha ibanwe kati ya vijiti viwili vya ubao vilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ning'iniza kopo, utie mchanga kijiko baada ya kijiko mpaka kipande kikatike, kisha upime mchanga. Watoto watafute wastani. Kabla ya hapo waweke kila utando juu ya gazeti: je, herufi zinasomeka? Utando ambao mfinyanzi umeenea sawasawa hupitisha mwanga. Uliojaa madonge huwa na madoadoa. Jaribio la mvuke tunashauri liachwe. Tumeona likifanywa kwa chupa za maji, na utando hulegea na kuota ukungu kabla ya kipimo kusema lolote.

Majibu ya darasa

Mwalimu mwanachuo atataka tumwambie fungu lipi litashinda. Katika maabara, mfinyanzi wa jamii ya montimorilonaiti kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 5 ya wanga, ukienea vizuri, huongeza nguvu ya utando, na kaolinaiti huongeza kidogo zaidi kuliko utupu. Ukizidishwa, kurasa hukutana zenyewe kwa zenyewe, hufanya madonge, na utando huvunjikia penye donge. Lakini darasani fungu la pili laweza kushindwa na la kwanza. Tope lilikuwa na magadi mengi, au uji ulikuwa na mapovu, au meza iliinama na utando ukawa mwembamba upande mmoja. Likitokea hilo, matokeo yaandikwe ubaoni kama yalivyo, na darasa litafute sababu. Mwalimu anayefuta namba na kuandika ya kitabuni ameliharibu somo zima kwa kipande cha chaki.

Vilevile darasa halijaiona nanometa. Limeona kwamba mfinyanzi haukutuama kwa saa nane, kwamba herufi zinasomeka kupitia utando, na pengine kwamba kipande kimebeba mchanga zaidi. Hizo ni dalili. Uthibitisho hupatikana kwa mionzi ya eksirei, ambayo hupima nafasi kati ya kurasa. Mfinyanzi mkavu wa hewani huonyesha nanometa 1.2 hadi 1.5 hivi kutoka ukurasa hadi ukurasa, na wanga pamoja na gliserini vikiingia hufikia kama 1.8. Mwalimu awaambie watoto hivyo hivyo: sisi tumeona dalili, na kuna chombo kinachopima, nacho hatunacho. Tumepata kusikia wanachuo wakiona haya kusema neno hilo la mwisho mbele ya darasa. Hatuoni aibu iliyomo.

Lipo swali ambalo halikosi kuulizwa: je, tuwezaje kutengeneza mfuko wa kubebea dagaa? Jibu ni kwamba kwa utando huu haiwezekani. Dagaa wabichi wataulowesha, nao utakatika kabla ya kufika nyumbani. Mfinyanzi huchelewesha maji, hauyazuii. Watafiti hulijaribu tatizo hilo kwa kuchanganya wanga na polima nyingine, au kuupaka mafuta na nta. Mtoto akipendekeza nta ya nyuki, apewe kipande cha utando akajaribu.

Mabaki ya utando yasitupwe. Yazikwe katika bustani ya shule kwa kina cha kiganja, kila fungu mahali pake, pamoja na kipande cha plastiki chenye ukubwa ule ule, na mahali pawekewe vijiti vyenye namba. Tarehe iandikwe katika daftari la darasa. Baada ya wiki nne yafukuliwe, na kama mwalimu mwanachuo atakuwa amekwisha rudi chuoni, daftari alikabidhi kwa mwalimu wa darasa pamoja na jembe.